Hali ya Hewa na Tabianchi: Tofauti Yake ni Ipi, na Inatuhusu Nini Sisi Watu wa Visiwani?



Kuna maneno mawili ambayo siku hizi tunayasikia kila mahali, redioni, skulini, na hata kwenye khutba: hali ya hewa na tabianchi. Wengi wetu tunayachanganya, tukadhani ni kitu kimoja chenye majina mawili. Ndiyo maana husikia mtu akisema, "Wanatwambia dunia inapata joto, mbona Julai hii tumelala na mablanketi?" Na mwengine, mvua kubwa ikishanyesha usiku mmoja, husema asubuhi, "Haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi yenyewe." Wa kwanza amekanusha jambo kubwa kwa ushahidi wa usiku mmoja. Wa pili amelithibitisha jambo hilo hilo kwa ushahidi wa usiku mmoja. Wote wawili wamepima bahari kwa kikombe.

Katika makala hii tutajaribu, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, kueleza tofauti ya mambo haya mawili kwa lugha nyepesi. Mifano tutaichukua Dar es Salaam, hasa pale Feri, kwa sababu hapana familia ya visiwani isiyokuwa na safari ya hapo. Boti ya Unguja inayotoka gatini Dar hupita mbele ya Feri, kati ya Kivukoni na Kigamboni, kabla haijaikabili bahari kubwa. Samaki wanaouzwa katika soko la Feri wanategemea upepo ule ule unaoamua kama mwanao atafika Malindi salama. Na mfanyabiashara aliyeshuka kwenda Kariakoo kununua mzigo ana maswali mawili: bahari itakuwaje leo jioni, na msimu huu utakuwaje. La kwanza ni swali la hali ya hewa. La pili linaanza kuingia katika tabianchi.

Maana ya maneno yenyewe

Kiswahili chenyewe kimetusaidia sana hapa. Neno "hali" maana yake ni vile kitu kilivyo sasa. Tukikutana tunaulizana, "Hali yako?" na jibu la leo si lazima liwe la kesho. Leo mzima, kesho ana homa. Neno "tabia" ni jengine kabisa. Tabia ni mwenendo wa kitu kwa muda mrefu, lile analozoeleka nalo mtu mpaka likajulikana kuwa ni lake. Tabianchi, basi, ni tabia ya nchi: mwenendo wa mvua, joto, upepo na unyevu wa mahali fulani kwa miaka mingi. Hali ya hewa ni vile mbingu na bahari zilivyo leo, kesho na siku chache zijazo. Waarabu nao wametenganisha: hali ya hewa ya siku huiita taqsi, na tabianchi huiita munakhi.

Tuchukue mfano wa posa. Kijana amekuja kuposa. Kavaa kanzu safi, kanyoosha mikono kwa adabu, kazungumza kwa upole. Hiyo ni hali yake ya siku ile. Mzazi mwenye busara hamkatai wala hamkubali kwa siku moja. Huwauliza majirani, huwauliza anaosali nao, huwauliza aliofanya nao biashara, mpaka aijue tabia yake. Na baada ya kuijua, bado ipo siku kijana mpole ataghadhibika, na siku hiyo moja haifuti tabia ya miaka. Hivyo hivyo, siku moja ya baridi haifuti mwenendo wa joto, na siku moja ya mvua haithibitishi kwamba mwenendo umegeuka.

Miaka mingapi inatosha?

Wataalamu wa hali ya hewa duniani wamekubaliana kwamba ili tuijue tabianchi ya mahali tunahitaji kumbukumbu za miaka 30 kwa uchache. Kipindi kinachotumika sasa ni kuanzia mwaka 1991 hadi 2020. Hukusanywa mvua na joto la kila siku ya miaka hiyo, kisha hutafutwa wastani wa kila mwezi. Wastani huo ndio kipimo wanacholinganishia wanaposema mwezi huu umezidi au umepungua.

Sisi Waislamu tunayo njia nyepesi ya kuukumbuka muda huo. Mwaka wetu wa Hijria unafuata mwezi, na ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Ramadhani haikai katika msimu mmoja. Mwaka 2012 tulifunga Julai na Agosti, wakati wa kusi, usiku wa baridi na mchana wa upepo. Mwaka 2024 tulianza kufunga Machi, joto la kaskazi likiwa halijaondoka na masika ikibisha hodi. Ramadhani huchukua takriban miaka 33 kuzunguka majira yote na kurudi pale pale ilipoanzia. Aliyefunga Machi 1991 alifunga tena Machi 2024, na katikati yake ameonja saumu ya kiangazi, ya masika, ya kusi na ya vuli.

Mzunguko huo mmoja wa Ramadhani unakaribiana na umri wa kumbukumbu ambao wataalamu wanautaka. Kwa hiyo ukitaka kusema neno juu ya tabianchi, usiulize "mwaka jana ilikuwaje?" Uliza ilivyokuwa kwa mzunguko mzima wa Ramadhani. Tena tahadhari: usilinganishe Ramadhani ya mwaka huu na Ramadhani ya miaka kumi iliyopita ukasema hewa imebadilika. Aliyebadilika nafasi ni mwezi wa Ramadhani, si lazima hewa. Aprili ilinganishwe na Aprili, na Julai na Julai.

Takwimu za Dar es Salaam zinasemaje?

Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa kipimo hicho, Dar es Salaam hupata kwa wastani milimita 1,100 hadi 1,150 hivi kwa mwaka. Unguja hupata zaidi, takriban milimita 1,600, na Pemba zaidi ya hapo, takriban milimita 1,900. Ndiyo maana Pemba ni kijani kuliko pwani ya Dar, na ndiyo sababu mojawapo ya mikarafuu kuipenda Pemba.

Mvua hiyo haigawanyiki sawa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huchukua fungu kubwa. Aprili peke yake Dar hupata wastani wa milimita 250 hivi. Kisha kusi ikishika, Julai na Agosti, wastani hushuka mpaka milimita 25 hivi kwa mwezi mzima. Vuli huja Oktoba hadi Disemba, na Novemba na Disemba huwa na wastani wa zaidi kidogo ya milimita 100 kila mmoja. Joto nalo lina mpango wake: Februari na Machi mchana hufika wastani wa nyuzi joto 32 za sentigredi, na Julai mchana huwa 29 hivi, usiku ukishuka hadi 18 au 19.

Tuone takwimu hizi zinafaa nini nyumbani. Nyumba yenye paa la bati la mita 10 kwa 10 ina mita za mraba 100. Aprili ya wastani huliangushia paa hilo lita 25,000. Julai huliangushia lita 2,500 tu. Mwenye kujenga tangi la kuvunia maji, au kamati ya msikiti inayotaka birika la kutawadhia, hapo ndipo pa kuanzia hesabu. Hakuna anayejenga tangi kwa kutazama mvua ya jana. Tangi hujengwa kwa tabianchi.

Lakini wastani si ahadi. Wastani wa milimita 250 hauna maana kwamba kila Aprili italeta 250. Iko Aprili italeta 120 na iko italeta 400, na zote mbili zimo ndani ya tabia ya pwani yetu. Muulize mwenye duka Kariakoo. Iko siku anauza mpaka hapumziki, na iko siku anafunga hajauza hata kanga moja. Hajui biashara yake inakua au inakufa kwa mauzo ya Jumamosi moja. Hufungua daftari la miaka akatazama. Wastani wa daftari ukipanda mwaka hadi mwaka, hiyo ni khabari, hata kama jana duka lilikuwa tupu.

Mji mmoja, miaka miwili, mambo mawili kinyume

Mfano mzuri uko karibu. Mwishoni mwa mwaka 2022, Dar es Salaam ilikumbwa na mgao wa maji. Vuli ilichelewa, kina cha Mto Ruvu kikapungua, na watu wakapanga foleni na ndoo. Wengi walisema, "Nchi imekauka, mvua zimetuhama." Mwaka mmoja baadaye, vuli ya 2023, ikaja mvua ya El Niño, barabara zikajaa maji, na watu wale wale wakasema, "Mvua zimezidi, tutazama."

Kulitokea nini? Je, tabianchi ya Dar es Salaam iligeuka mara mbili ndani ya miezi kumi na miwili? Hapana. Mvua zetu za vuli zina uhusiano mkubwa na joto la bahari, na bahari ina zamu zake. Maji ya Pasifiki ya kati na mashariki yakipata joto kuliko kawaida, huitwa El Niño, na mara nyingi vuli yetu huongezeka. Yakipoa, huitwa La Niña, na mara nyingi vuli yetu hupungua. Bahari yetu ya Hindi nayo ina mizani yake: upande wa Afrika ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua huja kwetu kwa wingi, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2019. Kuanzia 2020 hadi 2022 La Niña ilikaa karibu miaka mitatu mfululizo. Kisha 2023 ikaja El Niño. Wazee wanakumbuka ile ya 1997 na 1998, iliyoleta mafuriko Afrika Mashariki nzima.

Zamu hizi si hali ya hewa ya siku moja, na wala si mabadiliko ya tabianchi. Ziko katikati. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa pia utabiri wa msimu, ule unaosema mvua zitakuwa "juu ya wastani", "za wastani" au "chini ya wastani". Maneno hayo tunayasikia kila mwaka bila kuuliza: wastani gani? Ni ule wastani wa miaka mingi tuliouzungumzia. Anayeijua tabianchi ya kwao ndiye anayefahamu utabiri wa msimu unamwambia nini.

Wazee wetu walilijua hili

Elimu hii si ngeni kwetu. Wazee wa pwani walikuwa na mwaka wa jua ukihesabiwa tangu Nairuzi, siku 365, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi. Tukiacha upande maswali ya kisheria juu ya sherehe zake, hesabu yenyewe ilikuwa ya kazi: mwongo fulani wa kupanda, mwongo fulani wa kusafiri, mwongo fulani chombo kipandishwe pwani. Waliona kwamba miezi ya mwandamo, ambayo ndiyo ya ibada, haiwezi kumwambia mkulima lini apande, kwa kuwa inazunguka. Wakashika hesabu mbili, kila moja kwa kazi yake.

Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja kwa kaskazi, Disemba hadi Machi, yakarudi kwa kusi. Nahodha aliyejua misimu hiyo alikuwa anaijua tabianchi. Lakini asubuhi ya kung'oa nanga, nahodha huyo huyo alitazama mawingu, akapima upepo, na kama hakuridhika aliahirisha safari. Hapo alikuwa anaitazama hali ya hewa. Hakusema "huu ni msimu wa kusafiri, basi tuondoke." Alihitaji elimu zote mbili, na aliyekosa moja alipoteza chombo.

Pale tofauti hii inapogusa roho za watu

Jumatano ya tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 1433, meli ya MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Ilipofika karibu na Chumbe, katika upepo mkali na mawimbi, ilipinduka. Makumi ya ndugu zetu walifariki na wengine hawakuonekana tena. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira waliobaki. Ajali ya baharini haina sababu moja, na ubora wa chombo na idadi ya watu ni mambo ya kuulizwa kila mara. Lakini tuutazame upepo. Kwamba Julai ni mwezi wa kusi na bahari huchafuka, hiyo ni tabianchi, na kila mtu wa visiwani anaijua. Kwamba Jumatano ile bahari ilikuwa vile, hiyo ni hali ya hewa. Anayeishia kwenye ya kwanza husema, "Julai siku zote iko hivi, tumezoea." Mazoea hayo ndiyo hatari. Kuujua msimu hakukuondolei haja ya kuiuliza siku.

Kinyume chake tumekiona Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu, tahadhari zilitolewa mapema, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na wavuvi wengi wakabaki nchi kavu. Kimbunga kilifika Mafia usiku wa tarehe 4 Mei na kupoteza nguvu, ingawa mvua zake zilileta madhara Lindi na Mtwara. Waliokuwa na hasira siku ile kwa kukosa boti walilala nyumbani kwao wakiwa hai. Huo ndio utabiri wa hali ya hewa ukifanya kazi yake.

Je, Hidaya ni ushahidi kwamba tabianchi imebadilika? Peke yake, hapana. Vimbunga ni nadra kwetu, kwa sababu mzunguko wa dunia ndio unaoupinda upepo mpaka ukazunguka, na nguvu hiyo huwa dhaifu karibu na ikweta. Lakini nadra si kamwe. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini, kikang'oa minazi na mikarafuu mingi. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita Ngazija kabla ya kuingia Msumbiji. Swali la tabianchi haliulizi "je, kimetokea?" Linauliza, "vinatokea mara ngapi, na kwa nguvu gani, ukilinganisha miaka thelathini hii na thelathini ile?"

Basi tabianchi imebadilika au haikubadilika?

Imebadilika, na tunalisema hili kwa sababu ya daftari, si kwa sababu ya mvua ya juzi. Vipimo vya joto vilivyokusanywa nchi kavu na baharini duniani kote vinaonesha kwamba miaka ya 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto zaidi kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko nusu ya pili ya karne ya 19. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko wote uliowahi kupimwa duniani. Sababu kubwa ni moshi wa makaa, mafuta na gesi. Hewa ya ukaa, ambayo ni kama blanketi la dunia, ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa kabla ya zama za viwanda. Sasa imepita 420.

Mtu atauliza: nyuzi moja ni kitu gani? Waulizeni kina mama wa mwani. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, na aina yenye bei nzuri ni ile ya cottonii. Aina hiyo haistahamili maji yakizidi joto katika kina kifupi. Huugua, hupauka na kukatika. Sehemu nyingi za Unguja imekuwa shida kuiotesha kama zamani, na wengine wamelazimika kuifuata kwenye maji ya kina kirefu, ambako anayekwenda ni yule anayejua kuogelea. Mmea uliokuwa ukiishi karibu na mpaka wake, nyuzi moja inauvusha mpaka. Matumbawe nayo hivyo hivyo: mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi yalipauka, na Mafia ilipoteza mengi. Na bahari yenye joto hutoa mvuke zaidi. Kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo mvua ya siku ikija, huwa na maji mengi zaidi ya kumwaga.

Hata hivyo, tuwe waadilifu. Si kila baya ni la tabianchi. Disemba 2011 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Ilielezwa kuwa haijawahi kunyesha kama ile tangu 1954. Lakini Jangwani, lile bonde la Mto Msimbazi hatua chache kutoka Kariakoo, linafurika hata kwa mvua ndogo kuliko ile, kwa kuwa watu wamejenga ndani ya njia ya maji na taka zimeziba mto. Ufukwe unaoliwa na bahari huenda umechimbwa mchanga au umekatwa mikoko. Tukisingizia tabianchi kila kitu, tutaacha kuyatengeneza yaliyo mikononi mwetu.

Je, kutabiri si kudai kujua ghaibu?

Swali hili huulizwa sana. Aya ya mwisho ya Suuratu Luqman inatufundisha kwamba mambo matano ni katika elimu ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na kuteremka kwa mvua kumo ndani yake. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wamebainisha kwamba mtabiri wa hali ya hewa hadai ghaibu. Anasoma alama zilizokwisha kuonekana, kama mgandamizo wa hewa, mawingu na joto la bahari, kisha anasema lenye uwezekano mkubwa. Ni kama tabibu anayesema jeraha litapona kwa wiki mbili. Anaweza kukosea, na Muislamu husema Inshaallah. Kudai ujuzi wa yakini bila alama yoyote, huko ndiko kuliko haramu. Na kuchukua sababu hakupingani na kutawakali. Mtume (S.A.W.) alimuelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali.

Tena fiqhi yetu yenyewe inatenganisha hali na tabia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, ruhusa ya kukusanya swala msikitini kwa ajili ya mvua inataka mvua iwepo kweli inaposaliwa, pamoja na masharti yake mengine. Haitoshi kusema "huu ni mwezi wa masika." Hukumu hapo inafuata hali ya hewa ya wakati ule, si tabianchi.

Tufanye nini?

Kabla ya safari, iulize siku. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa siku ile ile, na ujue daraja zake: "angalizo" ni la kukuweka macho, "tahadhari" ni ya kujiandaa, na "tahadhari kubwa" ni ya kuchukua hatua mara moja. Ukisikia upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usimpakie mtoto kwenye chombo kidogo kwa sababu tu nauli ni nafuu. Boti ikisimamishwa, shukuru. Kulala Dar usiku mmoja ni gharama ndogo.

Kabla ya kujenga, kuchimba kisima au kupanda miti, iulize miaka. Waulize wazee maji yalifika wapi katika mafuriko waliyoyaona, wala usitosheke na mwaka mmoja mkavu uliokukuta wewe. Panda mikoko pale ilipokatwa. Jenga tangi kwa hesabu ya masika nzima.

Ikija sauti ya kwenye simu ikisema kimbunga kinakuja usiku huu, na hakuna mamlaka iliyokitangaza, usiisambaze. Kuhakikisha khabari kabla ya kuichukua ni amri tuliyopewa katika Suuratul Hujuraat, na hofu iliyosambazwa kwa uongo huwafanya watu wapuuze tahadhari ya kweli siku itakapokuja.

Na wazazi tunaweza kuwafundisha watoto jambo hili kwa daftari moja tu. Weka kopo lenye pande zilizonyooka uwanjani, pasipo mti wala paa, mtoto apime kwa rula kila asubuhi na aandike. Kwa siku moja atakuwa ameijua hali ya hewa. Akiendelea mpaka awe mtu mzima mwenye watoto wake, Inshaallah, ataziandikia familia yake na jirani zake tabianchi ya kijiji chao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuteremshie mvua za manufaa zisizo za madhara, awahifadhi wasafiri wetu baharini, na atujaalie kufaidika na elimu. Wallahu a'lam.